Bi Samahani wa Ukumbi wa Kuondokea

Ukiambiwa ndege imechelewa kwa sababu ya hali ya hewa, usikubali haraka. Mara nyingine ni kweli, mawingu yapo na mvua ipo, sikatai. Lakini mara nyingi ndege inachelewa kwa sababu mtu mmoja anajua jambo, mwenzake halijui, na yule anayejua ameamua kufunga mdomo. Hilo hulisikii likitangazwa. Abiria wanaambiwa wavute subira, wanaukodolea macho ubao, watoto wanalia, na huko nje chini ya bawa la ndege jitu zima limekumbatia redio yake, linangoja mwenzake aseme kwanza.

Katika uwanja huu ninaousimulia alikuwepo mratibu mmoja, mwanamume wa makamo, mrefu, aliyeanza kuinama mabega. Kazi yake ilikuwa kuirudisha ndege angani. Ikishatua, ahakikishe wa usafi wameingia, wa mizigo wameshusha na kupakia, wa mafuta wamejaza, wa mlangoni wamewapitisha abiria. Kila kikosi kilikuwa na chaneli yake ya redio, na hakikusikia cha wenzake. Yeye peke yake ndiye aliyewasikia wote, kwa hiyo alitembea na redio nne zinaning'inia kiunoni, mpaka vijana wa mizigo wakamtania kwamba siku akianguka itadhaniwa kabati la vyombo limepinduka.

Na mratibu huyu, Mungu amsamehe, alipenda ndege ichelewe.

Sababu ilikuwa kwenye spika, juu ya nguzo iliyo karibu na kioo kikubwa cha ukumbi wa kuondokea. Ndege ikichelewa, mtangazaji alibonyeza kitufe, na sauti ya mwanamke ikashuka taratibu: "Wasafiri wapendwa, samahani. Ndege yenu itachelewa kuondoka. Tafadhali endeleeni kusubiri." Wafanyakazi walimwita Bi Samahani. Walimwigiza wakila chakula cha mchana. Mtu akikopa na asilipe, aliambiwa asijifanye Bi Samahani. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Bi Samahani alikuwa mke wa mratibu, na kwamba alikuwa kaburini tangu binti yao alipokuwa ananyonya.

Mwanamke yule alikuwa mtangazaji wa uwanja huo huo. Enzi zake matangazo yalisomwa kwa mdomo, mpaka ilipoletwa mashine, akaingizwa kwenye chumba cha kioo ayarekodi yote: ndege kuwasili, abiria kupanda, begi lililosahauliwa, mtoto aliyepotea. Alikuwa na ujauzito mkubwa na pumzi zilikuwa zinamkatika. Ukisikiliza vizuri tangazo la kuchelewa, baada ya neno "itachelewa" utamsikia akivuta pumzi kidogo, kama mtu aliyemaliza kupanda ngazi. Siku hiyo mumewe alisimama nje ya kioo akimwonyesha dole gumba.

Baada ya miaka uongozi ukabadilika, ikanunuliwa sauti nyingine, na matangazo ya zamani yakafutwa. Yote isipokuwa moja. Mkurugenzi wa wakati ule alikataa kununua tangazo la kuchelewa. Alisema mbele ya watu, tai imemkaba shingo, kwamba uwanja wake hautachelewesha ndege tena, sasa tangazo hilo la nini? Haya. Wiki ile ile ndege zikachelewa kama kawaida, watu wa mlangoni wakakosa la kuwaambia abiria, na fundi mmoja akalazimika kukirudisha kwenye waya kisanduku cha zamani. Mkurugenzi akaondoka na tai yake. Bi Samahani akabaki.

Wafanyakazi wa enzi zake walistaafu, wengine wakahamia kwingine. Mratibu akabaki na siri yake, na kila ndege ilipochelewa alitafuta kisingizio cha kupita ukumbini asimame chini ya nguzo ile. Alikuwa akimjibu. Kwa sauti ya chini kabisa, midomo haifunguki. "Nipo, mke wangu. Nasubiri."

Nyumbani hapakuwa na sauti ile. Picha zilikuwepo, mbili ukutani na nyingine ndani ya bahasha, lakini picha haisemi. Binti yao sasa alikuwa msichana mkubwa, anafanya kazi kwenye duka la dawa, mcheshi, mwenye mdomo. Tangu utotoni swali lake lilikuwa moja. "Baba, mama alikuwa na sauti ya namna gani?" Na baba jibu lake lilikuwa moja: "Nzuri." Basi. Mtoto akaenda kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyeishi mji mwingine na kusafiri kwa basi tu kwa kuogopa ndege. Mama mdogo alijaribu kumwigiza dada yake, akaanza neno la kwanza, la pili, akaishia kulia kwenye kitenge chake. Msichana hakumuuliza tena.

Utasema, kwa nini huyu baba asimwambie mtoto wake? Hata mimi nimeuliza, na nikikumbuka natamani ningemshika shati nimtikise. Alijiambia mtoto ataumia. Alijiambia atamwambia akikua. Alipokua, akajiambia sasa ataulizwa alikuwa wapi siku zote. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa mchoyo. Alimtaka mkewe peke yake, chini ya nguzo ile, bila mtu wa kugawana naye. Mara moja alijaribu kumrekodi kwa simu. Akasikiliza akiwa chooni: magurudumu ya mabegi, kikohozi cha mtu, na katikati yake sauti inayotokea ndani ya pipa. Hakuwa yeye. Akaifuta.

Sasa turudi kwenye redio. Palikuwa na desturi pale uwanjani, sijui aliianzisha nani, alaaniwe. Ndege ikichelewa, kosa liliandikwa kwa kikosi cha kwanza kusema "bado." Waliita kuvishwa kofia. Kwa hiyo hakuna aliyesema bado. Ukimuuliza wa mafuta, dakika tano. Wa usafi, dakika tano. Wa mizigo, ambaye hata toroli hajaiona, dakika tano bosi, tunamalizia hapa. Kila mmoja anaomba mwenzake aumbuke kwanza ili yeye apate nafasi ya kumaliza yake kimyakimya. Rubani amefunga mkanda, abiria wamejipanga mlangoni, wote wameamini dakika tano, na dakika tano zile zinazaa mpaka wajukuu. Zamu ya kuruka waliyopewa na mnara wa kuongozea ndege inapita, na ndege inarudishwa nyuma ya foleni.

Mratibu ndiye aliyekuwa dawa ya ugonjwa huo. Yeye alijua nani kamaliza na nani anadanganya, na neno lake moja lilitosha kuwafungua wote. Hapo mwanzo alilisema neno hilo upesi kuliko mtu yeyote. Kisha siku moja, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mkewe, mtu wa mafuta alimwita redioni. Huyu walimwita Tangi, kwa kazi yake na kwa tumbo lake, na alikuwa rafiki yake wa kweli. "Kaka, mizigo wamemaliza? Nisogeze gari niwapishe?" Mratibu alikuwa ametoka kusikia kwamba mizigo wamemaliza. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaiacha redio ining'inie. Zamu ikapita, na baada ya muda kidogo mkewe akaongea.

Kuanzia hapo ikawa tabia. Hakusema uongo hata mara moja, na hilo ndilo alilojifariji nalo. Alinyamaza tu. Alichagua ndege ndogo za alasiri, akazikwepa zenye wagonjwa. Alikuwa na huruma zake, kama mwizi anayeacha nauli mfukoni mwako.

Lakini uchoyo hauna kipimo. Alasiri moja alikuwa chini ya nguzo, macho ameyafumba, Bi Samahani anaongea, na mwanamume mmoja aliyevaa suti nyeusi akasimama kwenye kiti chake. "Nyamaza!" aliifokea spika. "Mwongo mkubwa wewe! Baba yangu anazikwa leo, unaniambia nisubiri? Nisubiri nini?" Akaivurumisha chupa ya maji, ikagonga nguzo, maji yakamrukia mratibu shingoni. Watu wakamtuliza yule bwana, akakaa, akalia kama mtoto mbele za watu. Mratibu alikuwa akijua sababu ya ndege ile kuchelewa. Ilikuwa mfukoni mwake kwa saa nzima.

Akaapa. Kiapo kikadumu siku chache. Na aliporudia, mambo hayakuwa kama zamani. Alianza kumsikia mkewe vingine. Maneno yale yale, ya kisanduku kile kile, lakini siku moja yalitoka kwa uchovu, siku nyingine kwa ukali, kama alivyokuwa akisema zamani mumewe akichelewa kurudi na chakula kimepoa. Neno "samahani" likaanza kumchoma. Nani anamwomba nani samahani? Aliogopa kwenda chini ya nguzo, na alikwenda.

Ndipo akaja meneja mpya, mama mmoja mchapakazi asiye na maneno mengi. Aliwakusanya wote karakanani, akasimama juu ya sanduku la vifaa. "Hizi dakika tano zenu nimezisikia mpaka ndotoni," alisema. "Mwanzo wa mwezi tunaweka skrini moja. Kila kikosi kitaona cha mwenzake: nani kamaliza, nani bado. Na kofia hakuna tena. Atakayesema 'bado' mapema tutamshukuru. Na matangazo yote yanakuwa mapya, lile kongwe nalo linatoka."

Watu walipiga makofi, na makofi yalikuwa ya kweli, maana kuishi kwa kuviziana kunachosha. Tangi alimgonga mratibu begani. "Hata Bi Samahani anastaafu, kaka! Maskini, hata keki hajakatiwa." Mratibu alicheka. Angemzika mkewe mara ya pili, na safari hii pasingekuwa na wa kumpa pole.

Siku chache kabla ya mwisho wa mwezi, asubuhi, umeme ulikatika uwanja mzima. Ndege ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na ya pili haijafika, ukumbi mtupu, viti tu, na mama mfagiaji mbali kule kwenye vyoo. Mratibu alikuwa akipita gizagiza akitafuta fundi. Umeme ukarudi ghafla, taa zikapepesa, spika zikakoroma. Kisha, bila kitufe, bila mtangazaji, sauti ikashuka kwenye viti vitupu.

"Wasafiri wapendwa, samahani. Ndege yenu itachelewa kuondoka. Tafadhali endeleeni kusubiri."

Unaweza kusema ni mashine kuukuu, imepata umeme vibaya, na huenda ndivyo. Yeye hakuona hivyo. Alitazama huku na huku amwone msafiri anayeambiwa, hakumwona. Ikamjia kwamba mkewe hakuwa anamwita yeye. Yeye alikuwa amesikia vya kutosha. Kulikuwa na mtu mwingine aliyewekwa kusubiri maisha yake yote, na mtu huyo asubuhi ile alikuwa dukani akipanga maboksi ya dawa. Mratibu akakaa kwenye kiti cha abiria na redio zake zote zikimwita, asijibu hata moja.

Kesho yake alimwambia binti yake jikoni, chai ikichemka. Alimwambia akiwa amempa mgongo, akijifanya anasuuza vikombe. Sauti ya mama yako ipo. Ipo uwanjani. Inatoka ndege ikichelewa. Mwisho wa mwezi inaondolewa.

Chai ikamwagika juu ya jiko, hakuna aliyelizima.

"Ipo tangu lini?" msichana aliuliza.

"Tangu hujazaliwa. Ulikuwa tumboni."

"Na wewe unaisikia."

"Naisikia."

"Kila siku, baba?"

Baba aliendelea kusuuza kikombe kile kile. Msichana alizima jiko, akashika ukingo wa meza. Baba alitegemea atapiga kelele, na angepiga ingekuwa nafuu. Msichana alitoka nje, akanawa uso bombani, akarudi na maji yakimtiririka kidevuni. "Nitavaa nini?" aliuliza. "Nitavaa nini nikienda kumsikia mama yangu?"

Alivaa gauni la bluu alilolivaa siku ya kumaliza shule. Akaomba ruhusa dukani, akafika uwanjani mchana, baba akamtafutia kiti chini ya nguzo. Alikaa wima, mkoba magotini, simu mkononi, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. "Ndege gani itachelewa?" alinong'ona.

"Ipo moja," baba alisema.

Ilikuwapo, kwa sababu alikuwa ameichagua. Kwa mara ya mwisho, alijiambia, na safari hii si kwa ajili yangu. Alitoka nje kwenye jua. Ndege ilikuwa imetua kwa wakati, usafi wametoka, mizigo wamefunga mlango wa tumbo la ndege. Bado Tangi tu, gari lake limezuiwa na toroli tupu ambazo hakuna aliyemwambia mwenyewe azitoe. "Kaka," Tangi aliita redioni, "nani mwenye hizi toroli? Nisaidie, zamu inapita." Mratibu alizijua toroli zile na mwenyewe alimjua, alikuwa hatua chache tu akinywa maji kivulini. Angeita jina moja tu.

Hakuita. Tangi aliita tena, na tena, mwisho akapaza sauti kwa hasira, "Basi andikeni! Mafuta bado! Nivisheni hiyo kofia yenu!" Mratibu aliizima redio ile na kuelekea ukumbini, mbio za mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Rafiki yake alikuwa ameonywa mara mbili tayari mwezi ule. Hilo atalishughulikia baadaye, alijiambia. Sasa hivi mtoto anamsikia mama yake.

Alikuwa katikati ya korido mlio wa tangazo ulipolia. Akasimama, akayafumba macho kama alivyozoea.

"Wapendwa abiria. Tunasikitika kuwaarifu kuwa safari yenu imeahirishwa kwa muda. Asanteni kwa uvumilivu wenu."

Sauti ilikuwa ya kike, nyororo, haina kosa. Haikuwa yake.

Alipanda ngazi za chumba cha matangazo bila kujua amepandaje. Mtangazaji, dada mmoja mpole aliyeajiriwa mwaka uliopita, aligeuka na kiti chake kwa mshtuko. Mezani palikuwa na mtambo mpya bado una nailoni. Pembeni, pale kilipokuwa kisanduku, palibaki mraba usio na vumbi.

"Kiko wapi?" aliuliza mratibu. "Kisanduku. Mlisema mwanzo wa mwezi."

"Walikuja asubuhi, mzee. Baada ya ule umeme kukatika jana, mama mfagiaji alisema kilijisemea chenyewe, wakubwa wakaona wakitoe mapema. Waliandika kwenye kundi letu la matangazo." Akamtazama. "Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Sisi tulidhani nyinyi wa huko chini mmeambiwa na wa mlangoni."

"Kiko wapi, dada yangu? Nikifuate."

"Walikifuta hapa hapa mbele yangu, wakakipeleka na vyuma chakavu. Kulikuwa na nini, mzee? Mbona hivyo? Kaa kwanza."

Akamwambia. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu pale uwanjani, na maneno yakatoka hovyo, mengine nyuma mengine mbele: mke wangu, ile sauti, binti yangu yuko chini pale. Dada yule alijishika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimjaa.

"Jamani, mzee. Ungesema tu," alisema. "Siku yoyote ile. Ungenipandia hapa na binti yako, ningefunga spika za ukumbini, nikawabonyezea hapa chumbani mkasikiliza mpaka mchoke. Ni kitufe tu. Nilikuwa nakibonyeza kwa kidole kimoja huku nakunywa chai."

Alisimama pale, redio zikikoroma kiunoni, mtu mzima, na mikono hajui aiweke wapi. Kisha akashuka.

Njia nzima alikuwa akitafuta maneno. Samahani mwanangu, si yeye. Wamemwondoa, nami sikujua. Alikuwa ameyapanga vizuri mdomoni alipofika kwenye nguzo. Binti yake alikuwa amesimama, kichwa ameinua kuelekea spika, uso mzima umelowa, na alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo baba hakuwahi kuiona, si siku ya kumaliza shule wala siku yoyote.

"Baba, nimemsikia!" Alimrukia shingoni. "Nimemsikia. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Ana sauti nzuri, ulisema kweli. Tulivu. Nimemrekodi baba, imetoka safi kabisa! Ndiye? Ndivyo alivyokuwa?"

Mratibu alimkumbatia. Juu ya bega la mtoto aliona abiria wakipiga miayo, ubao ukiwaka rangi nyekundu, na nje ya kioo Tangi akiwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, kofia ya kazi ameivua, anaitazama lami. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno fupi.

"Ndiye," alisema.

Walirudi nyumbani pamoja, jua likiwa bado halijazama. Njiani msichana aliongea bila kupumua, atamnunulia mama fremu mpya ya picha, ataweka sauti ile iwe mlio wa kumwamshia asubuhi. Mpishi alikuwa yeye, na akipika aliiweka simu juu ya meza ikirudia na kurudia. Wapendwa abiria. Tunasikitika kuwaarifu. Baba alikaa sebuleni na viatu miguuni. Mwanamke yule asiyemjua alikuwa jikoni kwake, kwenye sufuria zake, akizungumza na mtoto wake, na kila aliponyamaza alianza upya. Alitamani kuziba masikio. Alitamani zaidi kuinuka aende kule jikoni, na kila alipojiandaa kuinuka alimsikia msichana akicheka peke yake, akabaki kitini. Kesho asubuhi, aliwaza. Nitamwambia kesho akiwa ametulia. Kwanza ale.

Kisha akasikia binti yake anapiga simu.

"Mama mdogo! Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Hapana, hatujambo, ni habari njema. Nina kitu nataka usikilize, usiseme neno, sikiliza tu mpaka mwisho."

Mratibu alisimama. Redio za kazini hakuwa nazo, lakini mkono wake ulikwenda kiunoni kuzitafuta. "Mwanangu," aliita, na sauti haikutoka. Kutoka jikoni yule mwanamke alianza tena, nyororo, bila haraka, akasema yake yote mpaka mwisho, akawashukuru wote kwa uvumilivu wao.

Kijiko kiliwekwa juu ya meza. Msichana alitokea mlangoni, simu ameibana kifuani, tabasamu bado lipo usoni lakini halijui tena kwa nini lipo.

"Baba," alisema. "Mama mdogo anauliza huyu ni nani."